Mbawakawa wa Maji na Orodha ya Wanyama wa Nchi

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba mdudu ana miguu sita, na kwamba mwili wake umegawanyika katika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Ulijifunza pia kwamba mbawakawa hutambulikana kwa mbawa zake mbili za mbele, ambazo ni ngumu. Mbawa hizo hufunika mbawa laini za nyuma kama kawa inavyofunika chakula.

Katika sura hii utajifunza habari za mbawakawa wanaoishi majini. Utajifunza pia jinsi wataalamu wanavyothibitisha kwamba mbawakawa wa aina fulani yumo nchini, ingawa hapo awali hakuwahi kuandikwa kuwa yumo.

Mbawakawa wa maji walivyo

Simama kimya kando ya lambo au mto unaotiririka polepole. Huenda ukaona wadudu weusi wanaong'aa, wakizungukazunguka juu ya maji kwa kasi. Hao ni mbawakawa wa jamii ya Gyrinidae. Kila jicho lao limegawanyika sehemu mbili: sehemu ya juu hutazama hewani, na sehemu ya chini hutazama majini.

Endelea kutazama. Utamwona mbawakawa mwingine akipanda kutoka chini, akichomoza ncha ya tumbo lake juu ya maji, kisha akizama tena. Huyu ni wa jamii ya Dytiscidae. Anapochomoza ncha ya tumbo huchukua hewa na kuiweka chini ya mbawa zake ngumu, kisha huitumia akiwa majini. Miguu yake ya nyuma ni mipana na ina nywele nyingi. Huipiga yote miwili kwa pamoja, kama makasia. Mabuu yake ni wakali. Huwakamata viluwiluwi wa mbu na wanyama wengine wadogo kwa meno yaliyopinda kama mundu.

Wako pia mbawakawa wa jamii ya Hydrophilidae. Hawa huchomoza kichwa wanapotaka hewa, wala si ncha ya tumbo, nao hupiga miguu yao kwa zamu kama mtu anayetembea. Na katika mito yenye maji ya kasi wako mbawakawa wadogo wa jamii ya Elmidae, wenye urefu wa milimeta chache tu. Hao hawaogelei, bali hushikilia mawe kwa kucha zao. Mwili wao umezungukwa na tabaka jembamba la hewa, na oksijeni iliyo majini huingia katika tabaka hilo. Kwa sababu hiyo wengi wao huhitaji maji safi yenye oksijeni nyingi. Mto ukichafuliwa, huwa miongoni mwa viumbe wa kwanza kupungua.

Spishi ni nini?

Wanyama wa namna moja wanaoweza kuzaana na kupata watoto ambao nao huzaa huitwa spishi moja. Kila spishi ina jina la kisayansi lenye maneno mawili. Utaratibu huu kwa wanyama huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, katika kitabu cha Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden. Faida yake ni kwamba mtu wa Tanzania, wa Japani na wa Brazili, kila mmoja akiwa na lugha yake, hutumia jina lile lile kwa mnyama yule yule.

Mwaka 2008 wataalamu walihesabu spishi zipatazo 12,600 za mbawakawa wa maji zilizokwisha kupewa majina duniani. Walikadiria kuwa spishi zote pamoja huenda zikafika 18,000. Maana yake ni kwamba maelfu ya mbawakawa wa maji wanaishi bila jina.

Orodha ya wanyama wa nchi

Mwenye duka huandika bidhaa zote zilizomo dukani mwake. Bila daftari hilo hawezi kujua kilichopungua. Vivyo hivyo, nchi huhitaji orodha ya wanyama wake.

Kwa upande wa Afrika, kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1895 Maurice Régimbart, Mfaransa, alichapisha maelezo ya mbawakawa wa jamii za Dytiscidae na Gyrinidae wa Afrika na Madagaska. Kati ya mwaka 1959 na 1961 Mfaransa mwingine, Félix Guignot, alichapisha kazi kubwa kuhusu mbawakawa hao wa Afrika. Hata leo mtaalamu anayekuta mbawakawa asiyemfahamu huanza kwa kuangalia kazi za namna hiyo, pamoja na zile zilizochapishwa baadaye. Ikiwa spishi hiyo inajulikana kwingine lakini haijawahi kuandikwa kuwa imeonekana nchini, husemwa kuwa ni spishi mpya kwa nchi. Ikiwa haijawahi kuandikwa popote duniani, husemwa kuwa ni spishi mpya kwa sayansi. Usiyachanganye mambo haya mawili.

Hatua za kuthibitisha

Kusema tu "nimemwona" hakutoshi. Yafuatayo ndiyo mambo yanayofanywa.

1. Kumkamata. Mtaalamu hutumia wavu wenye mpini mrefu, akiupitisha katikati ya majani ya majini na kando ya ukingo. Usiku hutumia taa, kwa kuwa wengi wa mbawakawa hawa huruka usiku na kuvutwa na mwanga. Mbawakawa anayehitajika kwa uchunguzi huhifadhiwa katika spiriti au hukaushwa na kuchomwa pini. Sasa huitwa kielelezo.

2. Kuandika kibandiko. Karatasi ndogo huwekwa pamoja na kielelezo, ikiwa na jina la nchi, mkoa na mahali hasa, aina ya maji, tarehe, na jina la aliyekikusanya.

3. Kumtambua. Mtaalamu hutumia hadubini na kulinganisha kielelezo na maelezo yaliyochapishwa, na pia na vielelezo vilivyomo katika makumbusho. Kazi hii ni ngumu. Mara nyingi spishi mbili hufanana kabisa kwa nje, hata mtaalamu hulazimika kumpasua dume na kuchunguza kiungo chake cha uzazi.

4. Kutangaza. Habari huchapishwa katika jarida la sayansi, na kielelezo huwekwa katika makumbusho, ili mtu yeyote mwenye mashaka aweze kwenda kukitazama mwenyewe.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotenganisha sayansi na uvumi. Neno la mtaalamu, hata akiwa na sifa kubwa, halitoshi. Lazima kuwe na kitu ambacho mwingine anaweza kukikagua.

Thamani ya kibandiko

Pengine utafikiri kwamba jambo kubwa ni mbawakawa, na kwamba kibandiko ni nyongeza tu. Fikiri tena.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi ambazo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja, lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tuseme mdudu alikusanywa wakati huo, na kibandiko chake kina jina la koloni peke yake, bila kutaja mto, mlima wala mji. Je, mdudu huyo aandikwe katika orodha ya nchi ipi? Haiwezekani kujua. Mbawakawa mwenyewe yupo mezani, mzima, miguu yote sita, lakini hawezi kusema alikotoka. Kama mkusanyaji angeandika "Kilimanjaro" au "Usumbura" (leo Bujumbura), tatizo hilo lisingekuwapo.

Mfano mwingine unatoka Brazili. Mbawakawa mkubwa kuliko wote wa jamii ya Dytiscidae huitwa Megadytes ducalis. Ana urefu unaokaribia sentimeta 5. Alipewa jina mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka mia moja alijulikana kwa kielelezo kimoja tu. Kwa kuwa mahali hasa alipotoka hapakujulikana, hakuna aliyejua pa kumtafuta, hata akahesabiwa kuwa ametoweka duniani. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta vielelezo vingine katika makumbusho ya Paris, vilivyokusanywa mwishoni mwa karne ya 19. Vibandiko vyake vilitaja mahali, katika jimbo la Bahia. Sasa watafutaji wana pa kuanzia. Maneno machache yaliyoandikwa kwa wino zaidi ya miaka mia moja kabla ndiyo yaliyowaonyesha njia.

Je, ni mgeni au ni mwenyeji?

Spishi inapoandikwa mara ya kwanza nchini, watu husema kwamba imeingia. Huenda si kweli. Kuna uwezekano wa namna nne.

Kwanza, huenda alikuwapo siku zote, ila hakuna aliyetafuta katika maji yale. Mabwawa ya msituni, chemchemi za milimani na mashimo ya maji ya mvua hayafikiwi na wengi.

Pili, huenda alikwisha kukusanywa zamani, akawekwa katika makumbusho kwa jina la spishi nyingine inayofanana naye.

Tatu, huenda ameruka kutoka nchi jirani. Mbawakawa wengi wa maji huruka vizuri, hasa dimbwi lao linapokauka. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, Charles Darwin alieleza kwamba mbawakawa wa maji alitua katika meli ya Beagle ilipokuwa maili 45 kutoka nchi kavu, yaani kilometa zipatazo 72. Kwa kiumbe wa namna hiyo, mpaka wa nchi si kitu.

Nne, huenda ameletwa na watu bila kukusudia, kwa mfano pamoja na mimea ya majini.

Mtaalamu huamuaje? Hutazama mahali. Akimkuta mbawakawa huyo katika mabwawa mengi ya zamani, yaliyo mbali na barabara, hudhani kuwa ni mwenyeji. Akimkuta katika bwawa moja tu lililojengwa juzi, hudhani kuwa ni mgeni. Tena hurudi makumbusho na kuvichunguza upya vielelezo vya zamani. Hapo pia kibandiko ndicho shahidi.

Kwa nini tujisumbue?

Kila mwaka mabwawa hukaushwa ili yawe mashamba, na mito huzuiwa kwa ajili ya umeme na umwagiliaji. Kazi hizi zina manufaa kwa watu. Lakini kiumbe asiyeandikwa akitoweka, hakuna atakayejua kwamba alikuwapo.

Mfano mmoja, ingawa si wa mdudu, ulitokea hapa nchini. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye Milima ya Udzungwa, wataalamu walikuta chura mdogo ambaye hakuwa ameandikwa popote duniani. Chura huyo alitegemea rasharasha za maporomoko ya maji, na bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa juu ya korongo. Mwaka 2000, maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zilipungua sana. Baadaye ukaonekana pia ugonjwa wa kuvu unaoua vyura. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini kwa kuwa alikwisha kujulikana, vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani wakalelewe huko, na mwaka 2012 vizazi vyao vilianza kurudishwa Kihansi. Kama wataalamu wangechelewa miaka michache tu, kusingekuwa na chura wa kurudisha, wala jina lake.

Kazi ya kufanya

Fanyeni kazi hii pamoja na mwalimu. Msiingie majini, kwa sababu vimelea vya kichocho hupenya ngozi. Chagueni mahali pasipo na mamba wala ukingo unaobomoka.

1. Fungeni chujio la chai kwenye fimbo ndefu. Lipitisheni katikati ya majani ya majini, kisha mwageni mlichopata katika karai jeupe lenye maji kidogo.
2. Chagueni mbawakawa mmoja na kumtazama kwa dakika 10. Je, anapotaka hewa huchomoza kichwa au ncha ya tumbo? Je, hupiga miguu ya nyuma kwa pamoja au kwa zamu?
3. Pimeni urefu wake kwa milimeta na kumchora.
4. Andikeni kibandiko: nchi, mkoa, kijiji, jina la mto au bwawa, tarehe, na jina la mkusanyaji. Kibandikeni chini ya mchoro.
5. Warudisheni wadudu wote majini.

Rudieni kazi hii wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Hifadhini daftari hilo katika kabati la shule, ili wanafunzi watakaokuja waweze kulinganisha.

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya mbawakawa wa jamii ya Dytiscidae na wa jamii ya Hydrophilidae.
2. Eleza tofauti kati ya spishi mpya kwa nchi na spishi mpya kwa sayansi.
3. Kwa nini kibandiko chenye jina la nchi peke yake hakitoshi?
4. Mwanafunzi amepata mbawakawa ambaye hayumo katika orodha ya nchi, akasema, "Huyu ameingia mwaka huu." Mweleze mambo matatu anayopaswa kuyachunguza kabla ya kusema hivyo.
5. Kijiji chenu kinataka kukausha bwawa ili kulima mpunga. Ungeshauri kifanyike nini kwanza? Toa sababu.