Bunduki Nyepesi na Mtutu Mwembamba: Kwa Nini Risasi Inakwenda Kombo

Wenzetu wanaolinda mashamba upande wa Mponela wametuuliza swali ambalo walinzi wengi wamewahi kuuliza kabla yao. Wanasema: "Bunduki tuliyopewa ni nyepesi, inabebeka usiku kucha bila kuchosha bega. Risasi ya kwanza inakwenda sawa. Ya pili inapanda kidogo. Ya nne inakwenda pembeni kabisa. Msimamizi anasema hatujui kulenga. Je, kosa ni letu au ni la bunduki?"

Jibu kwa kifupi ni hili: aghalabu kosa si la mlinzi, wala bunduki si mbovu. Mtutu mwembamba una tabia zake. Asiyezijua tabia hizo atakosa shabaha hata akiwa na jicho kali na mkono usiotetemeka. Anayezijua anaweza kuipata kazi nzuri kutoka bunduki ile ile.

Jambo hili si la mchezo. Wazee wa wilaya ya Dowa hawajasahau mwaka 2003, wakati mnyama aliyedhaniwa kuwa fisi mwenye kichaa alipovamia vijiji. Watu watatu waliuawa, wengine zaidi ya kumi walijeruhiwa vibaya, na maelfu walikimbia makwao kutafuta hifadhi kwenye boma la Dowa. Siku kama hiyo mlinzi hana nafasi ya kujaribu mara nne. Na hata siku za kawaida, nguruwe mwitu aliyejeruhiwa tu bila kufa ni hatari kwa wachumaji watakaoingia shambani asubuhi.

Chuma chembamba kinapinda

Ndugu zetu wa karakana watalielewa jambo hili upesi. Fundi anayekereza vyuma anajua kwamba fimbo fupi nene hutulia kwenye mashine, lakini fimbo ndefu nyembamba hucheza kila inapoguswa na kisu. Hivyo ndivyo ulivyo mtutu. Risasi inapopita ndani yake kwa nguvu ya baruti, mtutu wote unatikisika kama fimbo iliyogongwa.

Ugumu wa fimbo ya chuma haupungui sawasawa na unene wake. Unapungua haraka zaidi. Ukipunguza unene kwa sehemu moja ya kumi tu, ugumu unapungua kwa karibu theluthi moja. Ukipunguza unene kwa nusu, ugumu unaobaki ni sehemu moja tu kati ya 16. Ndiyo maana mtu anayetazama bunduki mbili kwa macho anaona tofauti ndogo, lakini shabaha inaona tofauti kubwa.

Tena makosa madogo mdomoni mwa mtutu yanakuwa makubwa mbele. Chukua mtutu wenye urefu wa sentimita 55. Mdomo wake ukielekea pembeni kwa milimita 1 tu, basi kwenye mita 100 risasi itakuwa imekwenda pembeni kama sentimita 18. Hapo mnyama amekoswa, au amepigwa mahali pabaya.

Joto nalo ni adui

Weka sufuria nyembamba na chungu kizito kwenye moto mmoja. Sufuria inaanza kuunguza kabla chungu hakijapata joto. Mtutu mwembamba ni kama ile sufuria. Kila risasi inauachia joto, na kwa kuwa chuma ni kidogo, joto linapanda upesi.

Chuma kikipata joto kinatanuka. Kama mtutu ungetanuka sawasawa pande zote, madhara yangekuwa madogo. Lakini mtutu haukutengenezwa kwa chuma kilichotulia kabisa. Mara nyingi ndani yake mna mkazo uliobaki tangu kiwandani, wakati ulipogongwa, ulipotobolewa au ulipokerezwa. Ukipata joto, mkazo huo unauvuta upande mmoja. Ndiyo sababu walinzi wa Mponela wanaona risasi zikitembea hatua kwa hatua kwenda upande ule ule. Mtutu ukipoa, unarudi mahali pake, na kesho yake risasi ya kwanza inakwenda sawa tena.

Ubao unaougusa mtutu

Chini ya mtutu upo ubao wa bunduki. Ubao ukiugusa mtutu upande mmoja na kuusukuma, mtutu mnene unavumilia. Mwembamba unakubali kusukumwa. Mvua za Desemba zikianza, ubao unavimba. Kiangazi kikifika, unakauka na kujikunja. Kwa hiyo bunduki iliyorekebishwa mwezi wa Agosti inaweza kupiga mahali pengine mwezi wa Januari, bila mtu yeyote kuigusa.

Jeshi nalo lilijifunza kwa taabu

Wasidhani walinzi wetu kwamba wao peke yao wamepatwa na tatizo hili. Mwaka 1944 Waingereza walianza kutengeneza bunduki nyepesi kwa ajili ya vita vya msituni. Walichukua bunduki yao ya kawaida ya .303, yenye uzito wa kama kilo 4.1, wakaifupisha kwa karibu sentimita 13, wakakata chuma hapa na pale, wakabaki na bunduki ya kama kilo 3.2. Iliitwa Namba 5.

Askari waliipenda kwa wepesi wake. Ilitumika katika nchi ambayo leo inaitwa Malaysia, ambako askari wa keya kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walipelekwa kupigana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ilitumika pia Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Lakini malalamiko yalikuwa mengi: leo bunduki inarekebishwa ipige katikati, kesho inapiga kando. Wakubwa wa jeshi waliichunguza, wakaamua kwamba kasoro imo katika muundo wenyewe wa bunduki. Mwaka 1947 utengenezaji wake ulisimamishwa.

Tuzingatie somo lililomo. Jeshi zima, lenye mafundi na viwanda, halikuweza kumaliza tatizo kwa kuwalaumu askari kwamba hawajui kulenga. Lilibidi litazame chombo chenyewe.

Mambo ya kufanya

Kwanza, hakikisha bunduki haina risasi kabla ya kuichunguza. Fungua, tazama kwa macho, kisha tia kidole uhakikishe. Kisha kagua skrubu zinazofunga chuma kwenye ubao. Skrubu iliyolegea ndiyo chanzo cha makosa mengi, na kuikaza hakugharimu kitu. Usiikaze kwa nguvu za kuvunja.

Pili, chukua kipande cha karatasi, ukipitishe kati ya mtutu na ubao kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikikwama upande mmoja, hapo ubao unausukuma mtutu. Lakini usichukue kisu ukaanza kukwangua. Bunduki nyingine nyepesi zimetengenezwa makusudi ubao uuguse mtutu kidogo kule mbele ili kupunguza mtikisiko. Kazi hii ni ya fundi bunduki mwenye leseni.

Tatu, tumia risasi za aina moja, na ikiwezekana za boksi moja. Mtutu mwembamba ni mwepesi kuonyesha tofauti kati ya risasi na risasi.

Nne, unaporekebisha shabaha, piga risasi tatu tu, ukingoje dakika kadhaa kati ya moja na nyingine. Acha bunduki wazi kivulini. Ukiushika mtutu na kuhisi joto, bado haujawa tayari. Haraka haraka haina baraka. Lenga penye ukuta mzito wa udongo nyuma ya shabaha, pasipo na njia wala nyumba, na kwa umbali ule ule unaotazamia kupiga shambani. Kama shambani unapiga mita 50, hakuna faida kurekebisha kwa mita 200.

Tano, egemeza ubao wa mbele juu ya mfuko wa mchanga au wa pumba. Usiuegemeze mtutu wenyewe juu ya jiwe, tawi au ukuta. Kadhalika usivute mkanda kwa nguvu siku moja na kuulegeza siku nyingine. Kila siku shika bunduki kwa namna moja.

Sita, pangusa mafuta yote ndani ya mtutu kabla ya kupiga. Risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta huenda isifuate zile nyingine. Unaposafisha, chunga ukingo wa mdomo wa mtutu usikwaruzwe na fimbo ya kusafishia, maana hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki.

Saba, kumbuka kwamba bunduki nyepesi inapiga bega kwa nguvu zaidi, na mtu akiogopa kishindo hufumba macho na kuvuta kwa ghafla. Fanya mazoezi ya kulenga na kuvuta polepole bunduki ikiwa tupu.

Isome karatasi ya shabaha

Weka karatasi ya majaribio, usiitupe. Matundu yakitembea kuelekea upande mmoja kila mtutu unapopata joto, tatizo ni joto au ubao. Matundu yakitawanyika ovyo kila upande, tazama skrubu, risasi, au mpigaji mwenyewe.

Lakini lililo muhimu kuliko yote ni risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi, kwa kuwa usiku shambani ndiyo itakayotumika. Piga risasi moja tu asubuhi, weka alama. Rudia siku nyingine, na nyingine tena. Risasi hizo za kwanza zikikaa karibu karibu, bunduki yako ni ya kutegemewa, hata kama ya nne inakwenda kombo.

Mipaka ya bunduki hii

Bunduki nyepesi si ya kumkabili tembo wala kiboko. Mwaka 2022 tembo 263 walihamishwa kutoka Liwonde kwenda hifadhi ya Kasungu, na tangu hapo wenzetu wa vijiji vya jirani wamepata taabu kubwa. Tembo akionekana, kazi ya mlinzi ni kuwaondoa watu na kupeleka habari kwa maofisa wa wanyamapori. Tena bunduki bila leseni, au kuwinda bila kibali, ni kosa la jinai. Makala hii ni kwa wale waliokabidhiwa silaha kwa njia halali.

Wajibu wa uongozi wa shamba

Mlinzi hawezi kuijua bunduki asiyoruhusiwa kuijaribu. Panapotolewa risasi tatu kwa msimu mzima, na kila moja inayokosa inakatwa kwenye mshahara, mlinzi ataogopa kujaribu, na siku ya hatari atapiga kwa kubahatisha. Kwa hiyo matawi yetu yadai mambo manne: risasi za majaribio kabla ya kila msimu, bila kukatwa mshahara, fundi wa kuikagua bunduki angalau mara moja kwa mwaka, daftari la kuandika tarehe, aina ya risasi na matokeo, na mafunzo kwa kila mlinzi mpya kabla hajakabidhiwa silaha.

Ndugu mlinzi, anza na daftari hilo wewe mwenyewe, hata likiwa la kurasa chache. Siku msimamizi atakaposema hujui kulenga, mfungulie umwonyeshe risasi ya kwanza ilipokwenda, na ya nne ilipokwenda, na joto la mtutu lilivyokuwa. Hapo mazungumzo yatahusu chombo cha kazi na namna ya kukitengeneza, kama ilivyo kwa mashine yoyote kiwandani.