Je, Wajua? Timu Inashinda Mfululizo, Lakini Ni Namba Moja?

Je, wajua kwamba msimamo wa ligi na orodha ya ubora ni vitu viwili? Msimamo huhesabu pointi. Orodha ya ubora huuliza nani yuko moto wiki hii, na hupangwa kwa kura au kwa fomula. Ndiyo maana ubishi kwenye foleni ya malori Tunduma hauishi: mmoja anasoma msimamo, mwenzake anasifia kiwango, na gari halijasogea.

Je, wajua kwamba kwenye kikapu hata aliyefungwa hupata pointi? Kwa kanuni za FIBA, mshindi huchukua 2, aliyefungwa 1, na timu isiyotokea uwanjani 0. Timu iliyoshinda michezo 3 na kupoteza 3 ina pointi 9. Iliyoshinda yote 4 ina 8. Kwa hiyo kabla hujabisha, uliza kwanza kila mmoja amecheza mingapi.

Je, wajua kwamba kikapu hakina sare? Dakika 40 zikiisha mkiwa sawa, zinaongezwa 5, na nyingine 5, hadi mtu afungwe. Rekodi ya “bila kupoteza” kwenye mpira wa miguu inaweza kuficha sare kibao. Yanga walifikisha michezo 49 ya ligi kwa mtindo huo. Ilipokatikia, watu wa Songwe hawahitaji kuelekezwa: ni Ubaruku, Mbarali, katika Mbeya hiyohiyo iliyomegwa mwaka 2016 kuzaa mkoa wetu. Tarehe 29 Novemba 2022 Yannick Bangala aliwatanguliza Yanga. Never Tigere na Lenny Kissu wa Ihefu wakageuza matokeo, Ihefu 2, Yanga 1. Ubingwa wa msimu ule, hata hivyo, ulikwenda Yanga. Arsenal nao walisimamishwa wakiwa na 49, mwaka 2004.

Je, wajua kwamba rekodi ya NBA ni ushindi 33 mfululizo, wa Los Angeles Lakers msimu wa 1971/72? Wao walimaliza na ubingwa. Houston Rockets walishinda 22 mfululizo mwaka 2008, kisha wakatolewa raundi ya kwanza ya mtoano na Utah Jazz.

Je, wajua kwamba Mtanzania aliwahi kuwa katikati ya ubishi huu? Februari 2009, Chuo Kikuu cha Connecticut kilikuwa namba moja katika kikapu cha vyuo Marekani kwa kura za waandishi wa habari, kikiwa kimeshinda michezo 13 mfululizo. Nguzo yake chini ya goli ilikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, urefu sentimita 221. Tarehe 16, siku aliyotimiza miaka 22, wakakutana na Pittsburgh. DeJuan Blair, mfupi kwake kwa karibu sentimita 20, aliokota ribaundi 23, akafunga pointi 22, na katika purukushani moja akambwaga Thabeet sakafuni kwa kumpitisha begani. Pittsburgh 76, Connecticut 68. Namba moja ikaondoka.

Kwa maoni yangu, ushindi mfululizo usipimwe kwa urefu tu. Nitajie uliowafunga, ulikowafungia, na nani kwao alikuwa majeruhi. Hapo ndipo nitakusogeza juu. Lakini usiniamini sana, maana hata wanaolipwa kwa kazi hii hukosea.

Miezi minne baada ya mchezo ule wa Connecticut na Pittsburgh, timu za NBA zilichagua wachezaji wapya. Thabeet alichukuliwa wa 2, na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza NBA. Blair aliitwa wa 37. Na Stephen Curry? Wa 7.