Nabii Musa Madyan: Funzo kwa mzazi anayetafuta kazi ugenini

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika vijiji vya Salale na kata jirani za delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, riziki hutokana na mpunga, samaki na kamba. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Ghala likiwa tupu, mzazi akiletewa habari ya kazi ya ndani Oman au Falme za Kiarabu, ni rahisi kuwaacha watoto kwa bibi yao akaondoka.

Je, dini inamwambia nini mzazi huyu? Suratul Jumua (62:10) inawaamrisha waumini, wakishamaliza Sala, watawanyike katika ardhi kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Kusafiri kwa ajili ya riziki ya halali, basi, si aibu. Ama namna ya kuingia kazini ugenini, tumefundishwa katika Suratul Qasas (28:22-28).

Nabii Musa (A.S.) aliingia Madyan akiwa mkimbizi kutoka Misri, hana kazi wala mwenyeji. Aliwakuta mabinti wawili kando ya kisima wakizuia mifugo yao, kwa kuwa baba yao alikuwa mzee sana. Akawanyweshea, kisha akarejea kivulini kumwomba Mola wake kheri. Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, kwani aliye bora kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Tazameni mapatano yao. Muda ni miaka minane, na kuikamilisha kumi ni hiari ya Musa. Malipo yalijulikana, nayo ni kuozwa binti. Mwajiri aliahidi kutomtaabisha. Na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi.

Muda, malipo, kutotaabishwa na shahidi: hayo manne ndiyo wanayoyakosa wengi. Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa 15 na zaidi kwa siku, na kulipwa pungufu ya walivyoahidiwa. Mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, uliwafanya washindwe kuondoka.

Waajiri wengi wa huko ni ndugu zetu katika imani. Nao wanajua Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemtumia mwajiriwa kisha akamnyima ujira wake. Hata hivyo, tusiwanyooshee kidole wao peke yao. Binti aliyetoka kijijini kuja kufanya kazi katika nyumba zetu za Dar es Salaam, je, ana mapatano? Anakula tunachokula, kama alivyoagiza Mtume (S.A.W.)?

Wapo wanaomlaumu mama kwa kusafiri bila maharimu. Hadithi zinazokataza jambo hilo ni sahihi, na wanazuoni wamehitilafiana katika mipaka yake. Lakini kabla ya kumlaumu, tuulize: yuko wapi mume aliyewajibika kutoa nafaka? Wako wapi kaka, wajomba na matajiri wenye kutoa Zaka? Mabinti wa Madyan walitoka kwa udhuru, na Qur'an imeutaja udhuru wao bila kuwakemea. Jamii iliyomwacha mama peke yake haina haki ya kumhukumu.

Anayeazimia kusafiri apitie kwa wakala anayetambuliwa na Serikali. Suratul Baqara (2:282) imetuamrisha kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi; ujira wa miaka miwili unastahiki uangalifu huohuo. Asiweke dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa kwa Kiswahili. Nakala ya mkataba ibaki kwa familia, pamoja na namba ya simu ya Ubalozi wetu ulioko huko aendako. Ufilipino, ambayo wazazi wake wengi wameajiriwa majumbani Ghuba, iliridhia mwaka 2012 Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011. Mkataba huo unampa mfanyakazi wa ndani haki ya kupata masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, na haki ya kubaki na pasipoti yake.

Na nyinyi mliobaki nyumbani, fedha anazotuma ni amana. Ni ada ya shule, ni chakula cha watoto, ni mtaji wa siku atakaporejea. Mume anayezitumia kwa matamanio yake amekula jasho la mkewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wazazi wetu walio ugenini, awarejeshe salama kwa watoto wao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutimiza ahadi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.