Umri wa Zege: Jinsi Jengo la Zamani Linavyopimwa Usalama

Zege halizeeki kama mbao. Haliozi, haliliwi na mchwa, na likimwagiliwa maji vizuri siku za mwanzo huendelea kukomaa kwa miaka. Kinachozeeka ni nondo zilizomo ndani yake. Kwa hiyo kukagua jengo la miaka 40 au 50, liwe darasa, zahanati au duka la ghorofa, kwa sehemu kubwa ni kuchunguza chuma kisichoonekana.

Wafipa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wanakijua chuma tangu zamani. Wahunzi wao walikipata katika malungu, tanuru za udongo zilizomzidi mtu kimo, ambamo moto wa makaa uliondoa oksijeni iliyoshikana na chuma katika mawe yaliyochimbwa. Kutu ni safari hiyo ikirudi kinyumenyume: chuma kikipata maji na hewa, hutafuta kuwa jiwe tena. Ndani ya zege jipya hakiwezi, maana saruji ina ukali wa alkali, pH 12 hadi 13, unaokivika chuma utando mwembamba wa kukilinda. Lakini hewa ya kaboni hupenya zege polepole na kuumaliza ukali huo. Ikishafika kwenye nondo, na unyevu ukiwepo, kutu huanza.

Mwendo wa hewa hiyo hupungua kadiri inavyoingia ndani: muda ukiongezeka mara nne, kina huongezeka takriban mara mbili tu. Zege lililopenywa milimita 10 katika miaka 10 litafikia kama milimita 20 ikitimia miaka 40. Hapo ndipo kazi ya fundi wa siku ile ya kwanza inapojulikana. Aliyeinua nondo zake vizuri, zikafunikwa na milimita 25 za zege zito, aliwaachia wajukuu jengo. Aliyezilaza juu ya mbao za fomu, akamwaga zege jepesi kama uji, aliwaachia deni.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita, na nafasi hiyo huipata kwa kulipasua zege. Ndiyo maana ufa wa kutu hunyooka kufuata nondo, na mara nyingi huwa na michirizi ya rangi ya kahawia. Ufa wa mshazari karibu na ncha ya boriti ni habari nyingine, na ya hatari zaidi: boriti inashindwa kubeba mzigo wake. Nyufa za ngazi-ngazi kwenye ukuta wa matofali kwa kawaida hutoka chini, kwenye msingi uliotitia.

Mjini Laela, huko Ufipa, kilomita zipatazo 95 kutoka Sumbawanga kwa barabara ya Tunduma, mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili kisha hufuata miezi mikavu. Ukaguzi hufaa ufanywe katika majira yote mawili, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mkaguzi huanzia juu, maji yanakoingilia: paa, mifereji, minara ya matangi, kisha vyoo na miguu ya nguzo. Kila ncha ya ufa huwekewa alama ya penseli na tarehe. Alama ikipitwa, ufa unatembea.

Baada ya macho huja nyundo ndogo. Zege zima hulia kwa sauti kavu. Lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Hapo kipande hubanduliwa, na pahali palipovunjika hupuliziwa dawa iitwayo fenoftalini. Zege lenye ukali wake hugeuka rangi ya waridi iliyokolea papo hapo. Lililopoteza ukali hubaki kijivu. Mkanda huo wa kijivu hupimwa kwa rula, na rangi ya waridi ikianzia nyuma ya nondo, jibu limepatikana. Ni kipimo cha bei nafuu, na hakuna kingine kinachomweleza mwenye jengo hali yake waziwazi kiasi hicho.

Nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa Uswisi, hupima zege kwa mdundo wake. Inahitaji tahadhari: ngozi ya zege la zamani huwa ngumu kuliko ndani, hivyo kipimo huweza kulisifu zege bila haki. Mawimbi ya sauti husaidia. Yakipita kwa zaidi ya kilomita 4.5 kwa sekunde zege ni zuri sana, yakishuka chini ya 3 lina mashaka. Shaka ikibaki, hukatwa kipande mfano wa gogo na kubanwa kwenye mashine ya maabara hadi kivunjike.

Umri peke yake hauangushi jengo. Ghorofa la Dar es Salaam lililoua watu 36 tarehe 29 Machi 2013 lilikuwa bado linajengwa. Jingine, la Kariakoo jijini humohumo, lilianguka tarehe 16 Novemba 2024, likaua zaidi ya watu 20, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Kwa hiyo mkaguzi huuliza pia nini kimeongezwa, ukuta upi umebomolewa, nani amechimba karibu na msingi. Ufipa huongeza swali la tetemeko: bonde la ufa la Rukwa lilitikiswa tarehe 13 Desemba 1910 kwa kipimo cha karibu 7.4. Ringi, yaani vyuma vinavyozifunga nondo, zilizoachana sana kwenye vichwa vya nguzo, au linta isiyozunguka jengo zima, huandikwa kwenye ripoti hata kama hakuna ufa.

Hesabu na uamuzi ni vya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Penye hatari, mirunda husimikwa kwanza chini ya boriti. Kisha zege bovu huchongwa hadi nyuma ya nondo, kutu husuguliwa, nondo zilizolika huongezewa nyingine, na zege jipya hujazwa. Kupiga plasta juu ya ufa wa kutu hakutibu kitu. Huficha tu alama ambayo mkaguzi wa baadaye angeihitaji.