UZI: Mvua ikinyesha Kitui na Makueni, kwa nini simu hunyamaza, na ni nani wa kuulizwa?

1/ Kila mdahalo wa kaunti huku Ukambani, lazima mtu asimame aulize: "Mbona mvua ikianza tu netiweki inapotea?" Mheshimiwa wa kwanza anajibu, "Nichagueni, nitaleta minara." Wa pili anaruka juu: "Hiyo si kazi ya kaunti, msidanganywe!" Wote wawili wanapigiwa makofi, na wote wawili wamesema nusu. Leo tuichambue hii hoja polepole. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mtu wala chama. Uzi ni mrefu kidogo, vuta kiti.

2/ Kwanza, tusikopeshwe picha za televisheni. Vimbunga vya kung'oa minara ni shida ya pwani. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania mapema Mei 2024, si Mutomo. Janga letu lina sura mbili: ukame wa miaka, halafu mvua ya kumwagika kwa siku chache. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya. Kisha ikaja El Niño ya Oktoba hadi Desemba 2023, na mito ikafurika. Mtandao wetu unatakiwa uhimili zote mbili.

3/ Sasa, kwa nini hili ni suala la uhai na si la kukosa TikTok? Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, karibu na Mwingi. Zaidi ya watu 30 walifariki. Sisemi simu ingewaokoa, maana sijui na sitaki kucheza na msiba wa watu. Nasema hivi: mito yetu ni ya msimu. Asubuhi ni mchanga mkavu na watoto wanachota maji kwenye kisima cha mchanga. Mvua inanyesha huko juu milimani, na baadaye maji yanafika kwako hata kama kwako hakujanyesha tone. Simu moja kutoka juu inaweza kuyatangulia maji. Lakini hiyo simu lazima iingie.

4/ Mnara (busta, kama tunavyouita mashinani) huwa hauanguki. Ukipita siku ya mafuriko utaukuta umesimama wima kabisa, na simu yako haina hata mstari mmoja. Mnara unahitaji vitu vitatu: moto wa umeme, njia ya kupeleka mawasiliano mbele, na barabara ya kumfikisha fundi. Kimoja kikikatika, busta inabaki chuma tu.

5/ STIMA. Mvua yenye upepo inaangusha nguzo, stima inapotea. Hapo mnara unahamia kwenye betri. Betri zikikaribia kuisha, jenereta inawaka, kama ipo na kama ina dizeli. Betri hazikai milele. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika, na sehemu nyingi zilikaa saa nyingi gizani. Kwa hiyo swali la maana si "mnara upo?" Swali ni "stima ikipotea, huo mnara unaishi saa ngapi?"

6/ Na hapa ukame unaingia kimyakimya. Betri za risasi hazipendi joto. Likizidi nyuzi 25 kwa muda mrefu, umri wake unapungua haraka. Sasa fikiria betri iliyokaa misimu mitano ya jua la Ikutha ama Kibwezi. Siku mvua inakuja ndiyo siku inaitwa kazini, na imeshachoka. Sola inasaidia sana huku kwetu, lakini mawingu yakikaa siku tatu, sola nayo inapungukiwa. Ndiyo maana mnara wenye stima, sola na jenereta pamoja ni tofauti kabisa na mnara wenye kimoja tu.

7/ NJIA. Simu yako haitoki kwako ikaenda moja kwa moja hadi kwa shangazi. Inafika mnarani, kisha inasafirishwa kwa faiba ama kwa zile sahani za duara zinazotazamana mlima kwa mlima. Mnara mmoja ulio juu ya kilima unaweza kuwa unabeba mawasiliano ya minara mingine kadhaa huko bondeni. Huo mmoja ukizima, tarafa nzima inanyamaza, hata kama minara ya chini ina dizeli ya kutosha. Mtu akikuahidi minara kumi mipya, muulize: itategemea njia ngapi? Kama yote inaning'inia kwenye kilima kimoja, amekuongezea vyuma tu.

8/ Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaliunganishi: MCHANGA. Mchanga wa mto ukichotwa ovyo karibu na daraja, nguzo zinabaki wazi, na furiko likija daraja linaondoka. Likiondoka linaenda na barabara, na kama faiba imepitishwa hapo, inaenda nayo. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Watu wengi waliiona ni sheria ya maji na malori. Mimi naiona pia kama sheria ya simu. Kwa hiyo mtetezi wa kaunti akikuambia "mawasiliano hayanihusu," mkumbushe mchanga unamhusu.

9/ BARABARA. Jenereta haijijazi dizeli. Lazima gari lifike. Ukivuka mto Tiva ama Thwake wakati wa mvua, unajua ninachosema. Kampuni inayojiandaa vizuri haingojei mafuriko ndipo ipakie mitungi. Agosti na Septemba, kabla ya mvua zetu kubwa za Oktoba hadi Desemba, inasoma utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, inajaza matangi, inapima betri na kubadilisha zilizochoka, inakagua waya wa ardhini wa kuzuia radi, na inaweka fundi na vipuri upande wa pili wa mto. Kwa sababu fundi akiwa Wote na mnara uko ng'ambo ya daraja lililobebwa, huyo ni fundi wa kuongea naye kwa simu tu. Na simu ndiyo hiyo imekufa.

10/ Kuna tatizo la nne: sisi wenyewe. Janga likitokea kila mtu anapiga. Mnara una nafasi za kuhesabika, kwa hiyo unajaa. Ndiyo unaona mistari imejaa lakini simu haitoki. Kampuni inaweza kuongeza uwezo, ama kuleta mnara wa kubebwa kwa lori. Wewe unaweza kutuma SMS badala ya kupiga. SMS ni nyepesi, na ikikosa nafasi sasa mtandao hujaribu kuifikisha baadaye.

11/ Usisahau pesa. Tangu M-Pesa izinduliwe Machi 2007, pochi ya mtu wa Zombe ama Kathonzweni imehamia kwenye simu. Mtandao ukipotea siku mbili, mama ana pesa na hawezi kununua unga. Mgonjwa ana nauli na haiwezi kutoka. Hata msaada wa fedha wakati wa ukame mara nyingi unapitia simu. Kwa hiyo mnara ukizima, duka, zahanati na msaada vyote vinaguswa.

12/ Wengine watasema, "Shida ni ya kijiji." Hapana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini huko karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Kenya haikuzimika kabisa kwa sababu ina nyaya nyingine, kama TEAMS ya kutoka Mombasa hadi Fujairah. Somo ni lile lile la kilima chetu: mwenye njia mbili anachechemea, mwenye njia moja anaanguka.

13/ Haya, KAZI NI YA NANI? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Mawasiliano ya simu yako kwa serikali ya kitaifa. Usimamizi wa majanga uko kwa zote mbili, kitaifa NA kaunti. Leseni za kampuni za simu zinatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kwa hiyo gavana hana uwezo wa kuiamuru kampuni iweke betri. Lakini barabara za kaunti, mchanga, vibali vya ujenzi na mpango wa majanga viko mezani kwake. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Na Makueni ilikuwa ya kwanza nchini kuweka mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2015.

14/ Na pesa za kufikisha mtandao mashinani? Kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote. Kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, ili maeneo yasiyo na faida yafikiwe. Mbunge wako ndiye mwenye nafasi ya kuuliza bungeni: mfuko huu unajenga minara tu, ama unalipia pia betri na njia ya pili? Mnara wa kukata utepe unapigwa picha. Betri haipigwi picha, ndiyo maana husikii ikiahidiwa.

15/ Hoja tatu mtakazosikia, na jibu langu fupi:

"Starlink imemaliza hiyo shida." Ilianza kuuza Kenya Julai 2023 na inasaidia, hasa zahanati na shule. Lakini nayo inataka stima, na kijiji kizima hakiwezi kuning'inia kwenye sahani moja ya mtu.

"Wananchi ndio wezi wa betri na dizeli." Wizi upo, na unaumiza kila mtu. Basi ajiri walinzi wa hapo hapo kijijini, watu wenye mama zao wanaotumia huo mnara.

"Kampuni ni za kibiashara, haziwezi kulazimishwa." Zinaweza. California ilitoa amri mwaka 2020 kwamba minara ya maeneo yenye hatari kubwa ya moto iwe na umeme wa akiba wa saa 72. Kanada nayo, baada ya mtandao mmoja mkubwa kuzima Julai 2022, kampuni zilitia saini kusaidiana kubeba wateja wakati wa dharura. Hatulazimiki kunakili saa zao. Tunaweza kupanga zetu.

16/ Mdahalo ujao, usiulize "utaleta netiweki?" Jibu lake ni "ndiyo" kila mara. Uliza hivi:
– Mnara wa kwetu unaishi saa ngapi bila stima, na nani anazipima?
– Una njia moja ama mbili?
– Mto ukifurika, fundi na dizeli viko upande gani?
– Huku juu mvua ikinyesha, nani anampigia mzee wa kijiji wa huko chini, na simu ikikataa, nani anatangaza kwa redio ya Kikamba?
– Mtandao ukizima siku nzima, ripoti inatolewa wapi tuisome?
Za kwanza tatu ni za mbunge na CA. Ya nne ni ya gavana. Ya mwisho ni ya wote.

17/ Wakati tunangoja majibu: weka noti kidogo nyumbani, chaji simu mawingu yakianza, andika namba muhimu kwenye karatasi. Dharura ni 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199. Na kama maji yamevuka barabara, usingoje simu ikwambie. Rudi. Sambaza uzi huu kwa kundi la kijiji kabla ya Oktoba, wakati bado netiweki iko.