Futi 10,000 si kimo kikubwa kwa rubani anayepaa kutoka Eldoret

ABIRIA anayesubiri ndege ya kwenda Nairobi katika Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret yuko tayari futi 6,941 juu ya usawa wa bahari, hata kabla hajakanyaga ngazi ya ndege. Kimo hicho, ambacho ni zaidi ya mita 2,100, kimelipatia eneo hilo sifa miongoni mwa wanariadha. Kwa marubani kina maana nyingine: kinga mojawapo kuu ya usalama wa anga hufikia kikomo chake mapema mno.

Kinga hiyo ni kanuni ya kimya katika chumba cha rubani. Inawataka marubani wasifanye wala kuzungumza jambo lolote lisilohusu uendeshaji wa ndege wakati inapotembea uwanjani, inapopaa, inapotua, na muda wote inapokuwa chini ya futi 10,000, isipokuwa ikiwa imeshatulia katika kimo cha safari. Hakuna porojo, hakuna kujaza fomu za kampuni, wala mhudumu hapaswi kupiga simu kuuliza iwapo nahodha atakunywa kahawa.

Lakini futi hizo 10,000 huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, si kutoka ardhini. Ndege ya jeti inayopanda futi 2,000 kwa dakika kutoka Mombasa itachukua takriban dakika tano kufika kikomo hicho. Ndege iyo hiyo ikipaa kutoka Eldoret itafika kwa dakika moja na nusu, ikiwa futi 3,000 tu juu ya uwanja. Wakati huo vilele vya milima ya Cherangani, vinavyopita futi 11,000, bado viko juu yake, na Mlima Elgon, wenye kimo cha zaidi ya futi 14,000, uko juu zaidi. Rubani anayeishika kanuni kwa herufi zake anaweza kuanza mazungumzo akiwa bado chini ya milima ya jirani.

Na hiyo dakika moja na nusu si ya kupumzika. Marubani hukunja magurudumu, hurudisha vibao vya mabawa, hugeuza ndege kuelekea njia waliyopangiwa, hubadilisha masafa ya redio, husikiliza amri ya kimo kipya na kukiandika katika mtambo wa kujiendesha. Hewa nayo ni nyepesi. Katika adhuhuri ya joto la nyuzi 24, ndege iliyoko kwenye njia ya kurukia ya Eldoret huenda sawa na iliyo katika kimo cha zaidi ya futi 9,000 katika hali ya kawaida ya hewa. Ndiyo sababu njia hiyo ilijengwa kwa urefu wa karibu kilomita tatu na nusu.

Kuna pia suala la altimita. Chombo hiki hakipimi umbali kutoka ardhini. Hupima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa futi. Kabla ya kupaa, rubani hukiwekea kipimo cha mgandamizo wa mahali hapo. Akifika kimo kilichowekwa kwa eneo husika, hubadilisha kwenda kipimo cha pamoja cha hektopaskali 1,013, ili ndege zote zilizo juu zisome kimo kwa msingi mmoja. Akisahau, na tofauti ikawa hektopaskali 10, altimita yake itakosea kwa karibu futi 300. Barani Ulaya, ndege kupotoka zaidi ya futi 300 kutoka kimo ilichoruhusiwa huhesabiwa kuwa tukio la usalama, kwa kuwa mara nyingi kinachozitenganisha ndege mbili zinazopishana ni futi 1,000 tu.

Kwa nini mtu aliyefunzwa miaka mingi asahau kugeuza kitufe? Jibu halina uhusiano mkubwa na uzembe. Anayekwenda kuepua maziwa jikoni, simu ikalia njiani, mara nyingi hurejea kukaa akiamini ameshayaepua. Akili iliyokatizwa huhesabu nia kuwa tendo. Swali moja la mhudumu au wito mmoja wa redio, ukija katika sekunde ile rubani aliponyoosha mkono, watosha.

Nyanda za juu za Kenya zina kumbukumbu yake ya kosa la kimo. Mnamo Septemba 3, 1974, Boeing 747 ya Uingereza iliyokuwa ikikaribia Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani walielewa futi 5,000. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, kwa hiyo walikuwa wakishuka kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi. Ndege ilishuka hadi futi 70 hivi kutoka mbugani, ikawahi kuinuliwa. Kosa hilo lilitokea wakati wa kutua, lakini chanzo chake ni kile kile kinachowatisha wanaopaa: tarakimu iliyosikika vibaya, ikaandikwa mtamboni, na hakuna aliyeuliza iwapo inawezekana mahali hapo.

Siku nane baadaye, ndege ya DC-9 ilianguka ikikaribia kutua mjini Charlotte, Marekani, na watu zaidi ya 70 wakafa. Marubani wake walikuwa wakipiga gumzo kuhusu siasa na magari yaliyotumika huku ndege ikishuka chini ya kimo salama. Ajali hiyo ndiyo inayotajwa zaidi kuwa chimbuko la kanuni ya kimya, iliyotungwa Marekani mwaka 1981 na kufuatwa na mashirika mengi duniani. Charlotte haifiki hata futi 800 juu ya bahari. Kikomo cha futi 10,000 kilitosha kabisa huko.

Hata hivyo, kimya peke yake hakitoshi. Usiku wa Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Cameroon, ikielekea Nairobi na watu 114. Uchunguzi ulionyesha kwamba nahodha alitamka kuwa mtambo wa kujiendesha umewashwa, ilhali haukuwa umewashwa, na rubani msaidizi hakuthibitisha. Kwa karibu dakika moja hakuna aliyeiendesha ndege, nayo ikawa inainama taratibu upande wa kulia gizani. Kengele ya tahadhari ilipolia, nahodha alichanganyikiwa na kugeuza usukani upande usiofaa. Ndege haikupita futi 3,000 kabla ya kuanguka kinamasini. Hakuna aliyenusurika.

Dawa inayofundishwa ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Kimo kipya kikitolewa na waongozaji wa ndege, rubani mmoja hukirudia redioni na kukiandika. Mwenzake hukisoma mtamboni kwa sauti akikielekezea kidole. Zikibaki futi 1,000 kufika, mmoja hutangaza na mwingine hujibu. Aliyekatizwa katikati ya orodha ya ukaguzi huianza upya tangu mwanzo, hata kama anaona aibu mbele ya mwenzake.

Kwa uwanja kama Eldoret inahitajika hatua moja zaidi: kuhesabu kimya kutoka ardhini. Futi 10,000 juu ya uwanja huo ni karibu futi 17,000 juu ya bahari, juu ya Cherangani na Elgon pia. Hakuna kanuni inayolizuia shirika kujiwekea kikomo kirefu zaidi katika mwongozo wake. Gharama yake ni ndogo, ingawa ipo: safari ya Eldoret hadi Nairobi haifiki saa moja, na wahudumu watalazimika kusubiri dakika chache zaidi kabla ya kubisha mlango wa rubani.