Maharagi na ndugu zake wa porini

Jioni mama anapochagua maharagi hapa Goma, tazama sahani yake. Kuna makubwa na madogo. Makubwa asili yake ni milima ya Andes. Madogo mengi ni ya Meksiko na jirani zake.

Maharagi yana kromozomu 22, ni kusema nyuzi zinazobeba urithi ndani ya kila chembe ya mwili wake. Mutu anazo 46. Maharagi ya porini kule Amerika nayo yana 22, kwa hiyo wataalamu wanayaoza na ya shambani. Ndugu mwingine wa mbali, huko Meksiko, ana 20: jozi mbili ziliungana zikawa moja.

Kwetu Kivu ndugu hao wa porini hawaoti. Akiba yetu ni ule muchanganyiko wa sahani. Ugonjwa wa kuoza mizizi ukiingia shambani, aina moja inakufa, nyingine inasimama.

Basi, baba unayechimba Rubaya, feza isipofika nyumbani, mama atapika hata mbegu. Tumeni mapema, na mutenge mbegu za kila rangi. Chakula kikiisha kinanunuliwa. Aina ikipotea, soko haliirudishi.